Pampu yangu, tanuri la mjomba na lipu ya nyumba ya mama

Najua nimekuwa kimya mno. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimehama Reading au nimemezwa na baridi. Sijahama, na baridi tumeshazoeana. Nilikuwa na kazi ya mikono jikoni, na katikati ya kazi hiyo tukakwaruzana kwa simu na watu wa nyumbani. Mambo hayo mawili yameingiliana kiasi kwamba siwezi kueleza moja nikaacha jingine. Basi leo vuteni viti niyaseme yote kwa utulivu, maana kwenye simu kila mtu alikuwa anapaza sauti, na mimi ndiye niliyepaza kuliko wote.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki tatu zilizopita kaka yangu mkubwa alinipigia kuhusu nyumba ya mama pale Mikindani. Kuta zimesimama, bati liko juu, imebaki lipu. Fundi analalamika saruji imepanda bei. Lakini, kaka akasema, amepatikana kijana anayeuza chokaa ya matumbawe. Inaletwa kwa mtumbwi usiku, na bei yake ni kama bure. Tukichanganya chokaa hiyo na saruji kidogo, tutaokoa hela nyingi.

Nikasema hapana. Nikasema hata akitupa bure, sitaki. Kaka akacheka, akadhani natania. Alipoona sitanii, akaniuliza swali ambalo limenikaa kooni mpaka leo: "Bwana mdogo, wewe huko Uingereza umeyaweka matumbawe sebuleni kama maua, unayalisha na kuyawashia taa, halafu mama yako unamnyima chokaa?"

Ni swali zuri, jamani. Halikustahili jibu la hasira nililolitoa, wala halikustahili kukatiwa simu. Nitalijibu hapa. Jibu langu ni refu kidogo kwa sababu linapitia kwenye kopo la aiskrimu lililo pembeni ya tangi langu la samaki. Nivumilieni.

Wengi wenu tangi hilo mmeliona kwenye picha. Ni la kioo, lita 200, maji ya chumvi. Miaka sita iliyopita mwenzangu mmoja kazini alihama akaniachia, nami nikalichukua kwa sababu moja tu: nilipochungulia ndani nilikumbuka tulivyokuwa tukipiga mbizi wakati wa bamvua, maji yakiwa maangavu hadi chini. Mtu akikaa mbali na kwao hutafuta kitu cha kushika. Wapo wanaoshika muziki, wapo wanaoshika ugali na dagaa. Mimi nimeshika maji ya chumvi.

Sasa, sisi tuliozaliwa pwani tumekua tukiliita tumbawe jiwe. Si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo wadogo, kila mmoja na mdomo wake, na lile jiwe tunaloliona ni nyumba wanayojijengea wenyewe. Wanaijenga kwa kalsiamu na kaboneti wanazozichota kwenye maji. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na ndani yake kalsiamu ni kama miligramu 400 tu. Bahari ni pana, hivyo wakichota haionekani. Lakini ndani ya lita 200 wanachota mpaka panakauka. Mimi hupima kwa vitone vya dawa vinavyobadili rangi ya maji. Alkali ya tangi langu naiweka kwenye digrii 8, na matumbawe yangu yalikuwa yanakula karibu digrii moja kila siku. Usipoirudisha, ndani ya siku chache wanyama hao wanaacha kujenga, kisha wananywea.

Namna ya kuirudisha ziko nyingi. Ya kwangu ni ya zamani na rahisi: maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa hiyohiyo mnayoijua, ila iliyo safi ya kiwango cha kutumika kwenye vyakula. Unachukua maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu (maji ya bomba ya hapa yana chokaa yake ya kutosha, birika letu la chai linaota ganda jeupe kila mwezi), unatia vijiko viwili vya chai kwa lita nne, unakoroga, unaacha yatulie. Yale maangavu ya juu ndiyo dawa. Na kwa kuwa tangi lenye joto na taa hupoteza karibu lita mbili kwa siku kwa kukauka, nafasi ya kuyatia ipo.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Maji ya chokaa ni makali, yanababua ngozi. Ukimimina lita mbili kwa mkupuo, matumbawe unayoyalisha ndiyo unayaua. Lazima yaingie kidogo kidogo, na bora usiku, kwa sababu taa zikizimwa vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe huacha kuvuta hewa ya ukaa, hewa hiyo hujaa kwenye maji na maji yanaelekea uchachu. Chokaa huyavuta yarudi.

Kwa miaka mitatu niliifanya kazi hii kwa chupa na mpira wa dripu kama wa hospitali. Dripu ya chokaa ina tabia mbaya. Inaziba kwa ganda, ukiizibua inakimbia. Nami nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, kwa hiyo saa ambazo chokaa inahitaji mtu wa kuiangalia ndizo saa nisizokuwepo. Ndipo nikaamua kutengeneza pampu ya kutia chokaa yenyewe.

Zilizo tayari zinauzwa, kuanzia makumi ya paundi hadi mia kadhaa. Mke wangu alisema nunua, yaishe. Sikununua. Sehemu ya sababu ni hela, sitawaficha. Sehemu nyingine ni kwamba mimi nimekulia Mikindani. Gari langu la kwanza lilikuwa la makopo ya mafuta ya kula, magurudumu ya kandambili zilizokatika. Siku hizi watu wetu wakifika huku huona aibu kutengeneza kitu kwa mkono, wanadhani ni kuonyesha umaskini. Mimi nasema kinyume chake. Kitu ulichokitengeneza unajua kila skrubu yake, na kikiharibika unajua pa kushika. Ulichonunua kikiharibika unajua duka tu.

Basi nikaanza. Pampu niliyochagua ni ya kuminya mpira. Ndani mna vigurudumu vinavyozunguka na kuukanyaga mpira laini, na kila mzunguko unasukuma mbele kiasi kilekile cha maji. Mkumbuke mtoto anavyominya barafu ya mfuko kuanzia chini kwenda juu, ni hivyohivyo. Faida yake ni kwamba chokaa haigusi mota wala chuma, inagusa mpira tu. Mota yake ni ya volti 12, bei paundi kumi na kitu. Umeme niliutoa kwenye adapta ya modemu iliyokufa. Ubongo wake ni Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki yenye ukubwa wa nusu kiberiti, ambayo unaiandikia programu kwenye kompyuta kisha inakwenda yenyewe. Programu yangu ilikuwa fupi: washa dakika moja, zima dakika ishirini na tisa, rudia. Kati ya bodi na mota niliweka rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, kwa sababu bodi yenyewe haina nguvu ya kuendesha mota. Vyote nikavipanga ndani ya kopo la aiskrimu, nikatoboa matundu kwa keekee, nikalehemu nyaya. Kopo likachomekwa kwenye taima ya ukutani inayowasha saa mbili usiku na kuzima saa mbili asubuhi.

Nilipima mara kumi kwa jagi lenye vipimo. Dakika moja, mililita 70. Mara 24 kwa usiku mmoja, mililita 1,680. Nilikuwa na furaha kama ya mtoto wa makopo. Nikainunulia dumu la lita 20 nisipate kazi ya kujaza kila siku, nikalijaza, nikaenda zangu kazini.

Kwa miezi miwili iliniheshimu. Alkali ilitulia pale pale, matumbawe yakaanza kuwa na ncha nyeupe, ambazo kwa yale yenye matawi ni dalili ya kukua. Nikawapigia picha, nikawaandikia. Kaka mwenyewe alinijibu "hongera fundi".

Halafu ikafika asubuhi moja ya mwezi wa pili. Nilirudi kazini saa moja. Nilipofungua mlango nilikanyaga zulia, likatoa maji. Tangi lilikuwa limefurika, na maji yake yalikuwa meupe kama tui. Sikuona samaki, sikuona matumbawe, nilisikia tu pampu inaguna. Ilikuwa inazunguka bila kusimama. Rilei ilikuwa imeganda ndani, bodi inaiambia zima, yenyewe haiachii. Kwenye dumu zilikuwa zimetoka lita 15. Kwa kasi ya mililita 70 kwa dakika, hesabu yangu iliniambia iligoma kama saa tisa na nusu usiku, wakati mimi nikipanga maboksi ghalani na kujisifu moyoni kwamba nyumbani mambo yanakwenda yenyewe.

Nilichomoa waya, nikabadilisha maji mengi kadiri nilivyokuwa nayo tayari, nikabadilisha tena jioni. Nilikuwa na matumbawe 14. Yalipona matano. Samaki mmoja kati ya wawili alikufa. Lile tumbawe kubwa kuliko yote, ambalo nilipewa likiwa na ukubwa wa kidole gumba na likafikia sahani ya chai, liliachia nyama yake yote likabaki mfupa mweupe. Sitaki kuwadanganya, nilikaa sakafuni kwenye zulia lile lililolowa na sikwenda kulala mpaka adhuhuri.

Mke wangu hakusema "nilikwambia". Alileta taulo.

Sasa nani wa kulaumiwa? Rilei ya bei chee? Hapana. Swichi yoyote ina namna yake ya kufa, na hiyo ilikufa ikiwa imefungwa. Kosa lilikuwa langu, na halikuwa kutengeneza kwa mkono. Kosa lilikuwa lile dumu. Niliweka nje ya mlango wa viumbe wale chokaa ya kuwaua wote, nikaikabidhi kwa swichi moja, nikaenda zangu. Nilifikiria sana jinsi pampu itakavyofanya kazi. Sikufikiria hata dakika tano jinsi itakavyoharibika.

Pampu ya pili nimeimaliza mwezi uliopita, ndiyo kazi ya jikoni niliyokuwa nawaambia. Nimetoa rilei, nimeweka transista, pamoja na dayodi ya kuzuia umeme unaorudi nyuma mota inapozima. Lakini sijidanganyi, transista nayo inaweza kufa ikiwa wazi. Kwa hiyo badiliko kubwa si hilo. Badiliko kubwa ni chupa. Dumu nimelitupa. Pampu inanyonya kwenye chupa ya lita mbili tu, nayo mdomo wake wa kunyonyea umekaa juu ya mashapo. Hata wazimu ukiipanda, haina zaidi ya kumwaga. Chokaa ya usiku mmoja ikiingia kwa nusu saa, maji yatakasirika, matumbawe yatajikunja, lakini watu wangu wataamka salama. Kila jioni kabla ya kwenda kazini najaza chupa kwa mkono wangu. Inanichukua dakika tano, na dakika hizo tano zinanilazimisha kulitazama tangi kila siku.

Kwa anayetaka kutengeneza ya kwake, mengine ni haya. Mdomo wa kutolea uwe juu ya maji, usizame, ama sivyo utaota ganda na kuziba, na maji ya tangi yanaweza kurudi nyuma. Chupa iwe na kifuniko, kwa sababu hewa ya ukaa ya chumbani huigeuza chokaa kuwa ganda lisilo na kazi. Pitisha siki kwenye mpira kila mwezi. Pima tena dakika moja kila mwezi, kwani mpira unachoka: wa kwangu nilioujaribu mezani ulianza na 70 ukashuka hadi 62 kabla sijaubadilisha. Waya wa umeme uache ushuke chini kwanza kisha upande kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni. Na chokaa ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi na nenda hospitali, usisubiri.

Haya, kaka, sasa nakuja kwako. Najua unasoma.

Nilipokuwa nasubiri pampu ya pili niliijaribu kwa hesabu nyingine. Maji ya chokaa yaliyoshiba hubeba kama gramu moja na nusu za chokaa kwa lita. Kwa mililita 1,680 kwa usiku, pampu yangu inatia gramu mbili na nusu. Gramu hizo, matumbawe yakizitumia zote bila kupoteza hata chembe, zinatoa jiwe la gramu tatu na kitu. Zidisha kwa mwaka mzima, bila likizo, bila kukatika umeme: kilo moja na robo. Ili tangi langu litengeneze jiwe la kujaza mfuko mmoja wa kilo 50, ningehitaji miaka arobaini. Mfuko mmoja tu, kaka. Nyumba ya mama fundi aliiandikia mifuko mingapi?

Utasema tangi si bahari. Kweli, na bahari ni kubwa kuliko hesabu zangu. Lakini mnyama ni yuleyule na kasi yake ni ileile. Lile tumbawe la mviringo tulilokuwa tukisimama juu yake kupumzika tukiogelea, hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Likiwa na ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, lina umri wa kijana wa kuoa.

Unamkumbuka mjomba na tanuri lake? Mimi namkumbuka vizuri, miaka ya 1980. Alipanga magogo ya mnazi kwa duara, akajaza matumbawe juu yake mpaka yakafika kifuani kwa mtu mzima, akatia moto. Usiku kucha tulikuwa tunaangalia, tunachoma mihogo pembeni. Asubuhi kilima chote kilikuwa cheupe. Mjomba akanyunyiza maji, mawe yakachemka yenyewe na kupasuka yakawa unga. Tulidhani ni uchawi. Sasa najua ni kitu gani. Moto unalifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, maji yanalifanya chokaa. Unga ule wa mjomba na unga ulio kwenye kopo langu jikoni ni kitu kimoja. Yeye aliliteketeza tumbawe apate chokaa. Mimi natia chokaa nipate tumbawe. Tofauti yetu ni kwamba kazi yake ilimalizika kwa usiku mmoja na siku mbili za kupoa.

Simlaumu mjomba. Alisomesha watoto kwa tanuri lile, na nyumba ya baba aliyoipigia lipu bado imesimama. Mama aliniambia hivyohivyo kwenye simu: "Mwanangu, wazee wako walijenga kwa chokaa hiyo, mbona bahari haikuisha?" Mama yangu, nisamehe, lakini hili ndilo neno nililoshindwa kulisema siku ile. Chokaa si mbaya. Kasi ndiyo mbaya. Chokaa ikiingia mililita 70 kila nusu saa inajenga, ikiingia yote usiku mmoja inaua, na ni chokaa ileile. Wakati wa babu, nyumba za mawe na chokaa zilikuwa za kuhesabu, wengi tuliishi kwenye udongo na makuti. Bahari ilikuwa inarudisha kilichochotwa. Leo kila mtu anajenga, na ni haki yake kujenga. Lakini tumbawe halijaongeza mwendo kwa sababu sisi tumeongezeka. Bado ni sentimita moja.

Tena siku hizi lina adui mwingine. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kwa ajili ya El Nino, na matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa dunia nzima, mara ya nne kurekodiwa. Yaliyosalia ndiyo yanayozuia mawimbi yasile ufuko, na ndiyo nyumba ya samaki tunaowala. Kusini yetu kidogo serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na si kwa ajili ya watalii peke yao. Na nikuulize kiungwana, kaka: biashara ya chokaa hiyo kama ni njema, mtumbwi unakuja usiku kwa nini?

Sasa nimegeukie mwenyewe, maana umenishika pazuri. Je, mimi si mchimbaji pia? Tumbawe langu la kwanza kabisa nililinunua dukani, na sikuuliza limetoka wapi. Huenda lilikatwa baharini Indonesia, mahali ambapo mengi ya biashara hii yanatoka. Hilo ni deni langu na silifuti kwa maneno. Tangu hapo nimekuwa nikipokea vipandikizi tu, vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya watu wengine na kukuzwa majumbani, nami nagawa vyangu. Lakini sitasema mikono yangu ni safi. Mtu aliyeua matumbawe tisa na samaki kwa usiku mmoja kwa ajili ya uvivu wa kujaza chupa hana mimbari ya kuhubiria. Ninachoweza kusema ni kwamba nimeona kwa macho yangu jinsi kinavyojengwa polepole na jinsi kinavyokufa haraka, na baada ya kuona siwezi kulipia mtumbwi ule.

Kuhusu kumnyima mama, hapana. Nilikosea kusema "hapana" nikaishia hapo. Mtu akikataa njia ya rahisi lazima alipe njia ya ghali, la sivyo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Nimempigia fundi mwenyewe, amenipa hesabu ya lipu kwa saruji na mchanga. Nimeuza taa ya ziada ya tangi na seti ya vipimo niliyokuwa siitumii, nikaongeza na zamu mbili za Jumapili. Hela ya vyumba viwili na ukumbi imeshatumwa, mama ameipokea juzi. Vyumba vya nyuma vitasubiri mpaka mwezi wa sita. Najua wengine mnaona kuta zile hazijavikwa nguo na mnasema mtoto wa Uingereza ameshindwa. Semeni tu. Nyumba yetu nayo itajengwa kidogo kidogo, kila mwezi kiasi chake.

Kaka hajanijibu ujumbe. Nadhani bado ana hasira, na kwa ile simu niliyomkatia ana haki. Kaka, kwa hilo naomba radhi mbele ya watu wote hawa. Kwa chokaa siombi radhi. Ukija kutembea huku kama ulivyoahidi, nitakukalisha mbele ya tangi saa mbili usiku, uisikie pampu ikiguna dakika moja na kunyamaza. Matano yaliyopona bado yapo. Moja limeanza tena kutoa ncha nyeupe.

Wengine nanyi mnasemaje? Hasa ninyi mlioko Mtwara, Lindi na Kilwa: matanuri bado yanawaka huko? Na kama kuna anayejua wapi pa kupata chokaa ya mawe ya nchi kavu kwa bei ya mtu wa kawaida, aniandikie. Vile vyumba vya nyuma vinasubiri.

Tuko pamoja. Msalimieni mama.